Usiku Vifaranga Waliponyamaza: Kisa cha Bruda ya Njoro

Simu ilikuja saa kumi na mbili na robo asubuhi, mwezi wa saba, baridi ya huku Njoro, Nakuru, ikiwa ile ya kukata masikio. "Daktari, jana usiku walikuwa wametulia vizuri kabisa, mpaka nikafurahi. Sasa nimefungua mlango nimekuta wengine wamelala hawaamki." Nikamuuliza ni wangapi. Akasema bado anahesabu.

Mimi si daktari. Ni msaidizi wa afya ya mifugo, lakini huku kwetu kila anayebeba sindano ni daktari na nilishaacha kubishana. Kilichonifanya niwashe pikipiki kabla ya chai ni lile neno "wametulia". Siku moja kabla ya hapo mama huyohuyo alinipigia akisema vifaranga wake wanahema midomo wazi alfajiri, na mimi, bila kwenda kuona, nikamwambia joto limezidi, apunguze moto. Ushauri huo ndio uliotufikisha kwenye ile asubuhi, kwa hiyo kisa hiki nakiandika nikiwa sehemu ya tatizo.

Alikuwa amenunua vifaranga 300 wa kienyeji walioboreshwa, wa siku moja. Sita walikufa wiki ya kwanza, idadi ambayo haimshangazi mtu yeyote anayefuga. Siku ya tisa mvua ilinyesha, upepo ukashuka kutoka upande wa Mau, akaona vifaranga wanajikusanya. Bruda yao, yaani chumba cha kulelea vifaranga, ilikuwa stoo ya zamani ya mahindi, mita 3 kwa 3, kimo cha mita 2.4, ukuta wa mbao na mabati juu. Kijana wake akazungushia ukuta wote karatasi ya nailoni kwa ndani, akaziba na ule mwanya wa chini ya paa. Kazi safi kweli, hata mimi nilimsifu kabla sijafikiri. Katikati wakaweka jiko kubwa la makaa.

Usiku wa kwanza na wa pili, jiko likiwaka vizuri, vifaranga walihema. Usiku wa tatu, kwa kufuata maneno yangu ya kupunguza moto, mama alifanya kile ambacho kila mtu aliyekulia jikoni anakijua: aliyafunika makaa kwa jivu ili moto udumu hadi asubuhi bila kuwaka sana. Saa nne usiku akachungulia. Hakuna aliyehema. Akaenda kulala.

Nilipofika alikuwa amewapanga kwenye gunia nje ya mlango, 34. Wengi alikuwa amewaokota karibu na jiko, miguu imenyooka, mabawa yamekunjwa, kama waliopitiwa na usingizi. Waliobaki ndani walikuwa wamelegea, lakini hawakuwa wakihema.

Jambo la kwanza ambalo kila jirani alishasema ni kideri, ule ugonjwa unaofyeka kuku. Sikumlaumu mtu, maana kideri ndicho kinachotufilisi. Ila kideri hakiji usiku kikaondoka mchana. Nilipomuuliza mama kuhusu zile siku mbili za kuhema, alisema jambo ambalo ningepaswa kuliuliza kwenye simu: ikifika saa nne asubuhi, baada ya kufungua mlango na kuwapa maji, wote walikuwa wazima wanakimbizana. Hakukuwa na kinyesi cha kijani, wala shingo iliyopinda, wala kamasi. Pia hawakukoroma. Kifaranga mwenye ugonjwa wa njia ya hewa mara nyingi utamsikia kabla hujamwona.

Ugonjwa mmoja ulinitia wasiwasi kuliko kideri, ule wa ukungu wa mapafu. Huo humfanya kifaranga ahangaike kupumua bila sauti yoyote, na hutoka kwenye maranda yaliyolowa yakaota ukungu. Nikapasua watano. Mapafu hayakuwa na vile vijipele vya manjano, na maranda yalikuwa makavu. Amonia, ile gesi kali ya kinyesi, nayo niliifuta haraka: macho yangu hayakuwasha, ya vifaranga hayakuwa na machozi. Kilichonisimamisha ni damu. Kifaranga aliyekufa kwa kukosa hewa unategemea kumwona na damu nyeusi nyeusi. Hawa damu yao ilikuwa nyekundu inayong'aa, na nyama ya kidari ilikuwa na rangi ya waridi kana kwamba wamechinjwa dakika hiyo.

Nikamuuliza mama, "Nani analala humu?"

Hakuna anayelala humu, akasema. Kisha kijana akajibu mwenyewe kwamba yeye hulala chumba cha pili, kinachotenganishwa na hiki kwa mbao tu, ili awalinde dhidi ya kicheche. Nikamuuliza kichwa chake kikoje. "Kinauma tangu niamke. Nimetapika kidogo. Nilidhani ni malaria."

Hapo kisa kilibadilika. Lakini lilibaki swali ambalo mama aliniuliza akiwa ameshika mmoja wa wale waliokufa, na ndilo lililonifanya niandike: kama ni moshi wa makaa, mbona siku walizohangaika hawakufa, na siku waliyotulia ndiyo waliyokufa?

Jibu limo ndani ya mapafu ya kuku, ambayo hayafanani na yetu hata kidogo. Mapafu ya mtu ni kama mfuko: hewa inaingia, yanatanuka, hewa inatoka kwa njia ileile. Ya kuku hayatanuki. Yamebana mgongoni katikati ya mbavu, na ukimpasua utaona alama za mbavu zimejichora juu yake. Kazi ya kuvuta na kusukuma hufanywa na mifuko ya hewa iliyosambaa kifuani na tumboni, na kuku hana kiwambo kama chetu cha kutenga kifua na tumbo. Mifuko hiyo huipitisha hewa ndani ya vijimrija vya mapafu, na katika sehemu kubwa ya mapafu hewa hupita kwa mwelekeo mmoja tu, kutoka nyuma kwenda mbele, kuku awe anavuta au anatoa. Mkenya mwenzetu, Profesa John Maina, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi kabla ya kwenda Afrika Kusini, ametumia miaka mingi ya kazi yake kuchunguza muundo wa mapafu haya. Utando unaotenga hewa na damu ndani yake ni mwembamba mno kuliko wetu. Ndiyo maana ndege hunyonya gesi haraka, nzuri na mbaya.

Ndani ya mapafu hayo kuna miisho ya neva ya vagasi, ile inayotoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni, inayofanya kazi moja: kusoma kaboni dayoksaidi. Watafiti Peterson na Fedde wa Marekani waliieleza mwaka 1968 walipoipata kwa kuku. Sisi na ng'ombe wetu hatuna neva za namna hii mapafuni, ila mamba na baadhi ya mijusi wanazo.

Ajabu yake ni kwamba zinafanya kazi kinyume na unavyotarajia. Mfikirie kondakta wa matatu pale steji ya Nakuru. Gari likiwa tupu anapiga kelele bila kupumzika. Abiria wakianza kujaa, sauti inapungua. Likijaa, kimya. Neva hizi ni hivyohivyo: kaboni dayoksaidi ikiwa kidogo mapafuni zinapiga kelele kwenda kwenye ubongo, na ikiwa nyingi zinanyamaza. Gesi hiyo ikiingia ndani ya neva, kimeng'enya huichanganya na maji ikawa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayoituliza neva. Oksijeni haina nafasi katika hesabu hii. Neva hizo haziijali iwe nyingi au chache.

Kifaranga anapovuta hewa safi, hewa hiyo inafagia kaboni dayoksaidi iliyokuwa imejikusanya mapafuni. Kondakta anapaza sauti, ubongo unaelewa kwamba mapafu yamesafishwa, unakatiza kuvuta na kuanza kutoa. Anapotoa, gesi inapanda tena, kelele inashuka, pumzi mpya inaanza. Kila pumzi hupimwa inapotokea. Maabara wamewahi kupitisha kwenye mapafu ya kuku mkondo wa hewa unaokwenda upande mmoja tu bila kukoma, na kaboni dayoksaidi ikiondolewa kwenye mkondo huo kuku huacha kupumua palepale ingawa anaishi na damu yake ina oksijeni ya kutosha. Irudishe gesi, naye huanza tena, mapema kuliko damu inavyoweza kupeleka habari hiyo kichwani.

Sasa mweke kifaranga huyo ndani ya stoo iliyozungushiwa nailoni. Makaa ni kaboni karibu robo tatu ya uzito wake. Kilo moja ya makaa ikiungua yote hutoa kaboni dayoksaidi ya zaidi ya mita moja na nusu za ujazo. Stoo ile ilikuwa na mita za ujazo 21.6. Ingekuwa haivuji kabisa, kilo moja tu ingefanya asilimia 7 ya hewa ya chumba iwe kaboni dayoksaidi, na wao waliwasha zaidi ya kilo moja kwa usiku. Tuseme robo tatu ya gesi ilipenya kwenye mlango na misumari. Bado inabaki karibu asilimia 2. Wenye mashamba makubwa ya kuku huambiwa wasivuke asilimia 0.3.

Katika hewa kama hiyo, kifaranga akivuta pumzi hakuna kinachofagiliwa, maana hewa inayoingia imekuja na gesi ileile. Kondakta hapati sababu ya kupaza sauti. Ubongo hausikii ile ishara ya kukatiza, kwa hiyo unaendelea kuvuta, na pumzi inakuwa ndefu na nzito. Juu ya hayo damu inaanza kuwa na asidi, na vihisi vingine vilivyoko shingoni na kwenye ubongo wenyewe vinaongeza shinikizo. Ndiyo ile midomo wazi ya usiku wa kwanza na wa pili.

Na hapo ndipo nilipokosea kwenye simu. Kuku mwenye joto pia hufungua mdomo, lakini yeye hutweta: pumzi fupi fupi, za haraka, koo likitetemeka, mabawa yamefunguka, na hukimbilia pembeni mbali na jiko. Nilipomuuliza mama aniigizie walivyokuwa wakihema, alinyoosha shingo, akafungua mdomo taratibu, akavuta pumzi hadi mabega yakapanda, akaachia. Wala hawakuwa pembeni. Swali hilo moja lingetosha kwenye simu: wanahema haraka au wanahema kwa kina? Sikuliuliza.

Tuje kwenye usiku wa tatu. Makaa yaliyofunikwa kwa jivu hayapati hewa ya kutosha, na kaboni isiyopata oksijeni ya kutosha haimalizi safari ya kuwa kaboni dayoksaidi. Inaishia kuwa kaboni monoksaidi. Mama alipopunguza moto, ile gesi iliyokuwa inawahemesha vifaranga ilipungua kweli. Ndiyo maana walitulia. Ila jivu lilileta gesi nyingine badala yake, na hiyo neva za mapafu ya kuku haziisomi. Haigeuki kuwa asidi ndani ya neva, na damu haipati dalili yoyote ya kuujulisha ubongo kwamba kuna hatari. Kondakta wetu anaangalia abiria wa aina moja tu. Huyu mwingine anapanda hajaonekana, anakwenda moja kwa moja kwenye himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, anakaa kwenye kiti cha oksijeni na hashuki. Kwa binadamu imepimwa kwamba kaboni monoksaidi huishika himoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika. Himoglobini iliyoshikwa hivyo ndiyo yenye ile rangi nyekundu ya kung'aa niliyoiona kidarini.

Kwa hiyo jibu nililompa mama, nikiwa nimechuchumaa pale kwenye gunia, lilikuwa hivi: wale waliokuwa wanahema walikuwa wanakuambia, na wale walionyamaza walikuwa hawajui. Akanyamaza na yeye. Kisha akasema, "Na mimi nikafurahi."

Sioni kwamba alikosa akili kufurahi. Kwenye migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza walibeba ndege wadogo wa kizimbani kwa miaka mingi, hadi mwaka 1986, kwa sababu ya gesi hiyohiyo. Watu hudhani ndege yule alikuwa anapiga kelele kuwaonya. Hapana. Alikuwa anaanguka kutoka kwenye kijiti chake. Mwili mdogo, upumuaji wa haraka, mapafu yanayonyonya upesi, vyote vilimfanya aanguke kabla ya mchimbaji, na kuanguka ndiko kulikokuwa onyo. Mchimbaji alijua amwangalie muda wote. Mama alichungulia mara moja, saa nne usiku, akakuta ndege wote wamelala kama ndege wanavyopaswa kulala usiku.

Jambo jingine linaloendana na hili linajulikana kwa wanaochunguza namna ya kuchinja kuku kwa gesi. Chumba kikijazwa kaboni dayoksaidi nyingi, kuku hutikisa kichwa na kuhema wakiingia. Kikijazwa gesi ya agoni au nitrojeni, ambamo oksijeni hakuna kabisa, wengi huingia kula chakula kana kwamba hakuna kitu, kisha huanguka. Ukosefu wa oksijeni peke yake hauwapigii kengele ya kuwatosha. Kwa mfugaji wa Njoro, Molo au Mau Narok, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, ambako hewa tayari ni nyepesi, hilo si jambo la maabara tu.

Tulichofanya siku hiyo ni kidogo na hakikugharimu sana. Jiko lilitoka nje kabla hata sijamaliza kupasua. Kijana nilimpeleka mwenyewe kwa pikipiki hospitalini, akiwa nyuma yangu kapigwa na upepo, na nadhani upepo ule ulimsaidia kabla ya mtu mwingine yeyote. Walimwekea oksijeni, jioni akarudi. Niliporejea tulichana nailoni yote ya juu, upana wa mkono mzima kuzunguka chumba chini ya paa, tukaacha ile ya chini inayokinga upepo usiwapige vifaranga. Mama alipinga. Joto si litatoka lote? Litatoka kiasi. Tukawatengenezea duara dogo la kadibodi ili wakae karibu karibu, tukawafunika kwa gunia lenye matundu, na tukapasha matofali kwenye moto wa nje, tukayafunga kwa vitambaa na kuyaweka ndani. Matofali hupoa, kwa hiyo mtu lazima aamke usiku kuyabadilisha. Anayeweza kununua taa ya umeme ya kulelea vifaranga anunue, ingawa umeme wa kwetu una tabia zake.

Kuna wanaouliza kama jiko haliwezi kutumika kabisa. Linatumika, watu wamelea vifaranga kwa jiko tangu zamani. Lakini liwashwe nje mpaka makaa yote yawe mekundu na ile ndimi ya bluu inayocheza juu yake iishe, kwa maana ndimi hiyo ni kaboni monoksaidi yenyewe inayoungua. Chumba kiwe na pa kutolea hewa juu na pa kuingilia chini. Jivu lisiguse makaa yakiwa ndani. Na pasiwe na mtu anayelala hapo, hata ukuta wa mbao ukiwa katikati. Mbao zina nyufa.

Kuna swali moja nililoulizwa baadaye na mwenzangu wa agroveti, duka la dawa za mifugo: kama gesi hii ni nzito, si ingekaa chini walipo vifaranga? Kaboni dayoksaidi ni nzito kuliko hewa, ndiyo. Kaboni monoksaidi ni nyepesi kidogo. Lakini kwenye chumba chenye jiko, joto linazungusha hewa yote juu chini, na gesi hazipati nafasi ya kupangana kwa uzito. Waliokufa walikuwa karibu na jiko kwa sababu huko ndiko walikokwenda kulala, si kwa sababu gesi iliwatafuta huko.

Watatu zaidi walikufa siku mbili zilizofuata, walegevu waliokataa kula. Wakabaki 257.

Wiki iliyofuata nilipita saa kumi na moja alfajiri, nikielekea kwa ng'ombe wa mtu mwingine, nikaona tochi stooni. Mama alikuwa amesimama mlangoni na tofali la moto limefungwa kwenye kitenge. Ndani kimya. Nikamuuliza wanaendeleaje. Hakunijibu mara moja. Aliinama, akaliweka tofali chini, akaingiza mkono katikati ya vifaranga na kuwasukuma taratibu, wakaamka wakilalamika wote kwa pamoja, kelele ikajaa chumba.

"Sasa," akasema, "niulize tena."